Mshai ulioangukia mpakani

Usiku wa kuamkia Jumapili moja ya mwezi Aprili, mwaka juzi, mvua ya masika ilinyesha bila kukatika tangu magharibi, na kabla ya alfajiri tulisikia kishindo ambacho mke wangu alidhani ni ukuta wa choo uliobomoka. Kulipopambazuka tulikuta choo ni kizima, lakini mshai mkubwa uliokuwa kwenye kona ya shamba letu la kahawa ulikuwa umeng'oka na mizizi yake na kulala mshazari kwenye mteremko, shina likiwa upande wetu na matawi yakiwa ndani ya msitu wa hifadhi. Tunaishi katika milima ya Usambara Magharibi, wilayani Lushoto, na kwetu kinachotenganisha shamba la mtu na msitu wa serikali ni mstari wa mikaratusi iliyopandwa zamani. Mshai ulikuwa umeivunja mikaratusi miwili ya mstari huo wakati wa kuanguka.

Habari za mti ulioanguka hazichelewi. Kabla sijamaliza chai nilikuwa nimepata wageni watatu. Wa kwanza alikuwa kijana mwenye msumeno wa mnyororo, ambaye alitaka aukatekate kisha tugawane nusu kwa nusu. Wa pili alikuwa mchoma mkaa, aliyekuwa amekwisha kulipima shina kwa macho akiwa barabarani na ambaye alinitajia bei hata kabla ya kuketi. Wa tatu alikuwa bibi jirani yetu, ambaye baada ya kuniitikia marahaba aliuliza tu, "Mwalimu, na vile vitawi vyembamba vina mwenyewe?" Wahenga walisema mti mkuu ukigwa wana wa ndege huyumba, na methali hiyo huwa tunaitumia msibani, anapofariki mtu aliyekuwa na wategemezi wengi. Asubuhi ile niliona kwamba wahenga waliwataja ndege wakawasahau wanaofika na kamba.

Nimekuwa nikishughulika na mti huo mmoja kwa mwaka mmoja na miezi tisa sasa, na jambo ambalo limenikaa moyoni muda wote ni jinsi tunavyouita mti "kuni" siku ile ile unapoanguka. Nimezaliwa mlimani, nimebeba kuni tangu nikiwa na umri wa miaka sita, na bado nilipostaafu ualimu na kurudi nyumbani nilikuwa nikiamini kwamba upepo ukiangusha mti umekwisha kumaliza kazi, na kilichobaki ni shoka. Mshai huu umenionyesha kwamba kati ya kuanguka na kuungua kuna mambo mengi, na kwamba tukiyaruka hayo tunalipa kwa macho na mapafu, tunalipa kwa msitu, na wakati mwingine tunalipa kwa miguu ya watoto wetu.

Nianze na swali la mwenyewe, kwa sababu hilo ndilo lililonichelewesha. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inahesabu kuni kuwa mazao ya misitu, sawa na mbao na mkaa, na kwa hiyo mti uliokufa ndani ya hifadhi haugeuki kuwa wa kila mtu kwa sababu tu umelala chini. Kijijini kwetu wananchi wanaruhusiwa kuingia msituni siku mbili kwa wiki kuokota kuni kavu, na masharti yake anayajua hata mtoto wa darasa la kwanza: unaokota kwa mkono, huingii na shoka wala panga, na unachukua kile unachoweza kubeba kichwani. Lakini mshai wangu ulikuwa umezaliwa shambani kwangu na kufia kwa watu wawili. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati ya maliasili ya kijiji, naye akaja siku ya tatu pamoja na askari wa misitu, wakautembelea mti kutoka mizizini hadi kileleni, wakaafikiana kwamba shina ni langu hadi usawa wa mikaratusi, na kwamba kilichovuka hapo kitabaki kilipo, isipokuwa vitawi vinavyookoteka kwa mkono katika siku zilizowekwa. Walinionya pia nisiburute gogo lolote kupitia msituni, hata kama njia hiyo ingekuwa fupi zaidi kufika barabarani.

Nakiri kwamba sharti hilo la mwisho lilinikera. Baadaye nilielewa. Mti mkubwa unapoanguka hufungua dirisha la mwanga katikati ya giza la msitu, na chini ya dirisha hilo huwa kuna miche ambayo imekuwa ikisubiri kwa miaka, mingine haizidi urefu wa kiganja, ambayo sasa ndiyo inapata nafasi yake ya kukua. Ukipitisha gogo moja lenye uzito wa kilo mia mbili juu yake umeisaga yote kwa asubuhi moja. Nilichuchumaa pale nikahesabu, katika eneo lisilozidi mkeka wa kulalia, miche 14 ya aina ambazo niliweza kutambua tano tu.

Mchoma mkaa nilimkatalia, na nilimkatalia kwa hesabu wala si kwa dharau, maana ni mtu ninayemheshimu na anasomesha watoto kwa kazi hiyo. Katika tanuri la udongo la kawaida, kilo mia moja za kuni kavu hutoa mkaa wa kilo 10 hadi 20, kutegemea ustadi wa mchomaji. Kilo moja ya mkaa ina joto karibu mara mbili ya lile la kilo moja ya kuni kavu, kwa hiyo tukichukulia kwamba amepata kilo 15, joto lililobaki mkononi ni chini ya theluthi moja ya lile lililokuwamo kwenye mti. Mjini watu wanaununua mkaa kwa sababu ni mwepesi kusafirisha na hautoi moshi mwingi, na hilo ni haki yao. Kwangu mimi, ambaye jiko langu liko hatua mia tatu kutoka kwenye gogo, kuuza theluthi mbili ya joto kwa tanuri lilikuwa jambo nisiloweza kulieleza kwa mke wangu.

Kijana wa msumeno nilimpa kazi, ila kwa malipo ya siku, si kwa nusu. Na hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo natamani kila mzazi wa mlimani alijue. Mti uliong'oka na mizizi huwa umebeba kitako cha udongo kilichosimama wima kama ukuta, na cha kwetu kilikuwa na kimo cha mtu mzima, na nyuma yake palikuwa na shimo zuri lenye kivuli ambamo wajukuu zangu walikuwa wamekwisha kujenga duka. Fundi alipofika hakuwasha msumeno. Alitembea moja kwa moja hadi shimoni, akawatoa watoto mmoja mmoja, akaniambia kwa sauti ya mtu anayemkaripia mkubwa wake bila kumvunjia heshima: "Mzee, hapa hapakai mtu. Shina likikatwa, ukuta huu unarudi nyumbani." Nilidhani anatia chumvi. Alipokata shina umbali wa mita mbili kutoka mizizini, uzito uliokuwa ukikishikilia kitako wima ukaondoka, nacho kikaanza kurudi taratibu, kikasita, kisha kikaangukia shimoni kwa mshindo ulionifanya niketi chini. Duka lote la wajukuu, pamoja na mizani yao ya vifuniko vya soda, liko chini ya udongo huo hadi leo.

Jambo la pili alilonionyesha ni jinsi ya kusoma mti uliolala kabla ya kuutia msumeno. Mti ulioanguka mara nyingi haujatulia. Umejikunja, umeegemea jiwe hapa na kisiki pale, na ndani yake kuna nguvu iliyofungwa kama upinde. Chukua muwa, uulaze juu ya magoti yako mawili, uukandamize katikati: upande wa juu unabanwa na upande wa chini unavutwa. Ukianza kulikata gogo la namna hiyo kutoka juu na kuendelea tu, kata inajifunga na kuubana msumeno; ukianza kidogo upande uliobanwa na kumalizia kwa uangalifu kutoka upande unaovutwa, gogo linaachana lenyewe. Na kwenye mteremko msimamo wa mkataji ni upande wa juu siku zote, kwa sababu gogo la mviringo halina adabu. Kuhusu matawi makavu yaliyonasa kwenye miti ya jirani juu ya vichwa vyetu, fundi alikataa kabisa kufanya kazi chini yake, na tukasubiri siku nne mpaka upepo ulipoyateremsha.

Tulikata magogo mafupi yenye urefu wa mkono mmoja, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, kwa kuwa huo ndio urefu unaotosha kwenye mafiga yetu bila kuni kutokeza nje na kuwakwaza wapishi. Kisha ikaja kazi ya kupasua, ambayo niliifanya mwenyewe kwa shoka na kabari mbili za chuma, kidogo kidogo kila asubuhi, kwa muda wa mwezi mzima na nusu. Watu wengi husubiri gogo likauke ndipo walipasue, wakidhani kwamba gogo bichi ni gumu zaidi. Ni kinyume chake kwa miti mingi, na mshai ni mmojawapo: ukiwa mbichi unaachana kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa, ila karibu na vifundo, ambako nyuzi zimesokotana na shoka hubaki limenasa likikucheka. Vumbi lake, kwa wale watakaoujaribu, hutekenya pua vibaya sana. Nilifunga leso usoni baada ya siku ya kwanza ya kupiga chafya.

Kupasua mapema kuna faida kubwa kuliko urahisi wa shoka. Maji ndani ya mti hayatoki kwa urahisi kupitia kwenye gome, kwani kazi ya gome wakati wote wa uhai wa mti ilikuwa ni kuyazuia yasitoke. Yanatoka kupitia kwenye ncha zilizokatwa na pande zilizopasuliwa. Gogo zima lenye gome lake linaweza kulala upenuni mwaka mzima na bado likawa bichi moyoni, na hapa kwetu, penye ukungu wa Juni hadi Agosti, linaweza hata kuanza kuoza kabla ya kukauka.

Kwa kuwa nilikuwa na muda na mizani ya kuning'iniza ambayo tunapimia kahawa, niliamua kuhakikisha. Nilichagua ukuni mmoja uliopasuliwa, nikaufunga uzi mwekundu, na pembeni yake nikaweka kigogo kimoja ambacho sikukipasua. Mwanzoni mwa Juni ukuni ule ulikuwa na kilo 4.6 na kigogo kilikuwa na kilo 11.8. Niliupima ukuni ule kila mwanzo wa mwezi. Julai ulikuwa kilo 4.3, Agosti 4.0, Septemba 3.6, na Oktoba 3.3. Novemba, mvua za vuli zilipoanza, haukupungua hata kidogo. Desemba ulifika 3.2, Januari 3.0, na Februari, baada ya wiki tatu za jua kali, kilo 2.9, na hapo ukasimama. Niliupima tena Machi na mshale ukarudi pale pale. Kigogo chenye gome, mwezi huo wa Februari, kilikuwa bado na kilo 10.2. Kwa maneno mengine, ule uliopasuliwa ulikuwa umetoa zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, na kile kizima hakikufikisha hata humusi moja.

Ile kilo 1.7 iliyopotea kwenye ukuni mmoja ilikuwa maji matupu, na ni maji ambayo, kama ningeuchoma ukuni ule mwezi wa Juni, jiko lingelazimika kuyachemsha na kuyafukuza kabla ya kuchemsha maharage yangu. Kuchukua kilo moja ya maji ya kawaida hadi yageuke mvuke kunahitaji nishati ya takriban megajuli 2.6, wakati kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri hutoa megajuli kama 15. Ukipiga hesabu utagundua kwamba gharama ya kuyafukuza maji yenyewe si kubwa kama tunavyodhani. Hasara kubwa iko kwingine: ukuni mbichi huupoza moto, na moto uliopoa haumalizi kuunguza gesi zinazotoka kwenye kuni, kwa hiyo sehemu kubwa ya joto tuliyoitafuta inapanda darini ikiwa moshi. Moshi mzito ule unaomtoa mpishi nje akijifuta machozi ni kuni ambazo zimebebwa kutoka msituni, zimekatwa, zimepasuliwa, halafu hazikuungua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa ndani ya nyumba ulichangia vifo takriban milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na mimi sihitaji kwenda mbali. Mama yangu mzazi alikohoa kwa miaka ishirini jikoni humo humo.

Namna ya kuzipanga kuni nitaieleza kwa ufupi, maana kila kaya ina mtindo wake. Nilitandaza mawe, juu yake nikalaza fito mbili, na kuni zikapangwa juu ya fito ili zisiguse ardhi, kwa sababu ya unyevu na kwa sababu mchwa wa huku hawaulizi. Niliacha nafasi ya upepo kati ya safu na ukuta, nikafunika kwa bati kuukuu upande wa juu tu. Nimeona watu wakifunika kuni kwa turubai hadi chini, na wanaposhangaa kwa nini zimeota ukungu mweupe huwa wanailaumu hali ya hewa. Kila Jumamosi mke wangu huhamisha kuni za wiki inayofuata hadi kwenye dari ya juu ya meko, ambako moshi na joto humalizia kazi. Ukuni uliokauka unajitambulisha wenyewe: ncha zake zina nyufa kama za jua, gome linabanduka kwa kucha, na ukigonga viwili kwa pamoja vinalia kwa sauti kavu, si kwa ule mguno wa ukuni mbichi.

Sasa nirudi msituni, kwa jambo ambalo si rahisi kuandika.

Siku ile askari wa misitu alipokuja kukagua mshai, tulishuka naye hatua kadhaa ndani ya hifadhi ili aone matawi yalikofika, naye akasimama ghafla mbele ya mti mwembamba uliokuwa umekauka wima. Aliinama, akakwangua tope lililopakwa kwenye shina, na chini ya tope tukaona pete: gome lilikuwa limechunwa kuzunguka shina lote, upana wa vidole vinne. Tuliona mingine miwili karibu na hapo. Gome likichunwa hivyo, chakula kinachotengenezwa na majani hakiwezi tena kushuka mizizini. Mizizi inakufa njaa polepole, na baada ya miezi mingi mti unakauka ukiwa umesimama, na hapo unakuwa, kwa mujibu wa kanuni, kuni kavu. Anayeuchukua siku ya kuokota hajavunja sharti lolote linaloonekana. Hakuingia na shoka. Aliingia na kisu mwaka uliopita.

Askari hakuuliza ni nani, nami sikutaja, na sababu ya kunyamaza kwangu ni kwamba niliyajua hayo kabla hajakwangua. Nikiwa na umri wa miaka kama kumi na mmoja, binamu yangu mkubwa alinifundisha kufanya hivyo hivyo kwenye mti wa bonde la nyuma, na tope tulilipaka mimi na yeye kwa zamu huku tukicheka. Tulirudi mwaka uliofuata tukauangusha kwa kusukuma na kamba. Bibi yangu alizisifu kuni zile jioni ile, akasema Mungu ametukumbuka. Sijawahi kumwambia mtu hadi leo, na sina hakika kama kuandika hapa kunanisaidia lolote, ila siwezi kusifia uokotaji wa miti iliyoanguka nikanyamaza kwamba kanuni hiyo nzuri inaweza kumfundisha mtoto kuua mti kwa subira.

Kwa sababu hiyo ninapoona watu wakibishana kama kuokota kuni kavu kunaharibu msitu au hakuuharibi, huwa nauliza kwanza ni kiasi gani kinachoanguka chenyewe kwa mwaka, na ni matita mangapi yanayotoka. Niliwahi kuupima mtita wa mama mmoja aliyepumzika penye uzio wetu, ngata ya majani makavu ya mgomba ikiwa bado kichwani: ulikuwa kilo 31. Akienda siku mbili kwa wiki, huyo mmoja anatoa zaidi ya tani tatu kwa mwaka. Ikiwa nyuma yake kuna kaya mia mbili, upepo peke yake hauwezi kuwaridhisha, na pengo hilo ndilo linalozibwa na kisu. Ndiyo maana miwati na migrevilea iliyopandwa mashambani, mingi yake tangu enzi za miradi ya kuhifadhi udongo ya miaka ya 1980, imeuokoa msitu wetu kuliko mabango yote yaliyosimikwa kando ya barabara.

Na hata kile kinachoanguka chenyewe hakipaswi kutoka chote. Ndani ya shamba langu nimeliacha gogo la chini kabisa, lile lililokuwa na uwazi ndani, lenye urefu wa mita mbili hivi, pamoja na kitako cha mizizi na matawi membamba niliyoyasambaza chini ya kahawa. Vitawi na magome vina virutubisho vingi kwa uzito kuliko shina, kwa hiyo mtu anayefagia vitawi vyote anachukua mbolea na kuacha maji. Gogo lenyewe lilianza kuota uyoga mweupe wa mabanzi miezi michache tu baada ya kuanguka, na sasa ukilibandua gome kidogo unakuta tandu, funza wa mbawakawa na vyura wadogo ambao sijui wanalifikiaje. Kama kuni halina thamani tena: mti uliooza unashika moto upesi na kuisha upesi, kwa sababu kuvu wamekwisha kula kile ambacho moto ungekula. Upande wa hifadhini kuna mti mwingine mfu uliosimama, wenye tundu juu, na kila mwaka naona hondohondo wakiuzunguka. Jike hujifungia ndani ya tundu kama hilo kwa tope, na dume humlisha kupitia ufa mwembamba hadi vifaranga wakue. Ninaomba kila masika usianguke, ombi ambalo linawashangaza majirani wanaojua jinsi ninavyopenda kuni.

Najua pia kwamba nchi inaelekea kwingine. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034, nami nauunga mkono kwa dhati. Tuna mtungi wa gesi ndani, na chai ya asubuhi na uji wa wajukuu hupikwa juu yake. Lakini makande yanayochemka kwa saa tatu hakuna mstaafu wa kijijini anayeyapika kwa gesi kila siku, na kwa miaka michache ijayo naona tutaendelea kupika hivyo, gesi kwa kinachoharakisha na kuni kwa kinachongoja. Kama ni hivyo, basi heri kuni zenyewe ziwe kavu.

Ukuni wenye uzi mwekundu niliuchoma Machi mwaka jana, siku mshale wa mizani ulipokataa kushuka tena. Nilimwita bibi jirani aje aone, kwa kuwa alikuwa akinicheka miezi yote kwa kupima ukuni kama mtoto wa kliniki. Ulishika kwa kijinga kimoja, bila kupulizwa, na kwa dakika nyingi hapakuwa na moshi wowote juu ya sufuria, ila mtetemo wa joto. Bibi alitazama bila kusema neno, akageukia dirishani, kule ambako gogo la uwazi limelala, akaniuliza litakuwa tayari lini. Nikamwambia lile si la kuchomwa. Tangu hapo kila anapopita kwenda msituni siku za kuokota husimama penye uzio na kuniuliza tena, na kila mara jibu ni lile lile, naye hunitikisia kichwa kama mtu anayemwonea huruma mwalimu aliyesoma sana.